Kuhamishia barua pepe za ushirika kwenye kikoa chetu wenyewe: shajara ya mradi

Ushirika wetu ni wa wakulima wa viungo wilayani Muheza, mkoani Tanga: iliki, pilipili manga na mdalasini. Tovuti yenye kikoa chetu, yaani jina letu wenyewe la mtandaoni, tunayo kwa mwaka wa nne sasa, lakini barua pepe zote za ofisi zilikuwa zikipitia anwani moja ya bure iliyofunguliwa na katibu aliyepita, na nenosiri lake likijulikana na watu watano. Mwezi Aprili mnunuzi mmoja wa Ujerumani alikataa kulipa ankara iliyotoka kwenye anwani hiyo mpaka azungumze na mwenyekiti kwa simu, kwa sababu anwani ya namna hiyo mtu yeyote angeweza kuifungua kwa jina letu. Hakukosea. Kamati ikanikabidhi kazi ya kuunganisha kikoa chetu na huduma ya barua pepe ya kulipia.

Jina letu halisi nimelificha, na mahali pake nimeandika kikundi.example. Kiambishi .example kilitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya mifano tu, hivyo hakuna mtu atakayenakili rekodi hizi akajikuta anaelekeza barua zake kwa mwingine. Huduma mpya nimeiita mtoa.example.

Jumamosi, 3 Mei 2025: Kujua funguo ziko kwa nani

Nilidhani siku ya kwanza ningeandika rekodi, ila niliimaliza nikitafuta ni nani anayemiliki kikoa. Vikoa vya .tz viko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na huuzwa na wasajili walioidhinishwa, lakini msajili humtambua yule tu ambaye barua pepe yake iko kwenye akaunti. Akaunti yetu ilikuwa na barua pepe ya kijana aliyetutengenezea tovuti, ambaye siku hizi hafanyi kazi hiyo na namba yake ya simu imebadilika. Ushirika ulikuwa ukilipa kila mwaka kwa jina ambalo kwa msajili halikuwa lake.

Msajili alitaka barua rasmi yenye muhuri, nakala ya cheti cha usajili wa ushirika na kitambulisho cha mwenyekiti. Nauli ya kwenda Tanga na kurudi, pamoja na kutoa nakala, viligharimu shilingi 9,000. Kikoa chenyewe kilikuwa kimebakiza wiki sita kuisha muda, kwa hiyo tulikilipia hapo hapo shilingi 30,000 za mwaka mmoja. Wewe unayetaka kuiga kazi hii, anza hapa kabla hujachagua huduma yoyote ya barua pepe.

Wakati nikisubiri niliorodhesha kila kitu kinachotuma barua kwa jina letu. Nilipata viwili: watu wa ofisi, na fomu ya mawasiliano iliyoko kwenye tovuti. Orodha hiyo ilikuwa na pengo, nalo lilikuja kunigharimu zaidi ya mwezi mmoja baadaye.

Jumatatu, 12 Mei 2025: Akaunti imepatikana, muda umepunguzwa

Akaunti ya kikoa imehamishiwa kwenye jina la ushirika baada ya siku tisa. Kabla ya kugusa chochote nilinakili rekodi zote za DNS (orodha ya mtandaoni inayoonyesha tovuti na barua za kikoa ziko kwenye seva gani) kwenye daftari na kwenye faili, moja baada ya nyingine, ili nikiharibu niweze kurudi nyuma.

Kisha nilishusha TTL, yaani idadi ya sekunde ambazo seva nyingine zinaruhusiwa kukumbuka jibu letu kabla ya kuuliza tena. Ilikuwa 14400, sawa na saa nne, nimeiweka 300. Kazi hii inapaswa kufanywa mapema kuliko badiliko lenyewe kwa angalau muda ule wa zamani, kwa sababu aliyeuliza dakika moja kabla hujashusha atakaa na jibu la zamani kwa saa nne zote.

Jumatano, 14 Mei 2025: Kuthibitisha umiliki, na jina lililojirudia

Huduma mpya ilitoa neno refu la siri niliweke kwenye rekodi ya TXT, yaani rekodi ya maandishi ya kawaida, ili kuthibitisha kwamba kikoa ni chetu. Hatua hii ni ya dakika mbili. Mimi ilinichukua alasiri nzima.

Kwenye nafasi ya jina niliandika kikundi.example, nikahifadhi, na paneli ya mipangilio ikanijibu kwamba imefaulu. Huduma ikaendelea kusema haioni kitu. Nilisubiri nusu saa, nikabonyeza tena, nikasubiri tena, nikilaumu mtandao. Baadaye niliuliza mwenyewe kwa kompyuta, kwa amri ya dig inayosoma rekodi za DNS:

dig TXT kikundi.example.kikundi.example +short

Neno la siri likatokea. Paneli ya mwenyeji wa tovuti yetu, yaani kampuni inayoihifadhi, huongeza jina la kikoa mwishoni mwa chochote unachoandika, isipokuwa ukimalizia kwa nukta. Kwa hiyo jina sahihi ni kikundi.example. pamoja na nukta yake ya mwisho, na kwenye paneli nyingine ni alama ya @ peke yake. Nukta hiyo ndiyo inayosema kwamba jina limekamilika.

Nilirekebisha, na bado huduma haikuona. Kosa la pili lilikuwa la papara. Seva za majina hukumbuka pia jibu la “hakuna”, si jibu la “ipo” peke yake, na muda wa kulikumbuka huwekwa kwenye rekodi ya SOA, ile yenye mipangilio ya jumla ya kikoa, ambayo sikuigusa nilipokuwa nikishusha TTL. Kila nilipobonyeza kitufe cha kuthibitisha kabla rekodi haijakaa sawa, nilikuwa nikiifundisha seva ya upande wa pili kwamba rekodi haipo. Nilihakikisha kwa kuiuliza seva yetu ya majina moja kwa moja, kwa kuweka @ na jina lake kwenye amri ya dig, nikaona rekodi iko, nikafunga kompyuta nikaenda zangu. Saa mbili usiku ilikubali yenyewe.

Jumamosi, 17 Mei 2025: Visanduku, kisha MX

Utaratibu una maana hapa. Visanduku vya watumiaji vinatangulia, rekodi za MX, zinazosema barua za kikoa zipelekwe seva gani, zinafuata. Barua ikifika kwenye seva isiyopatikana kwa muda, mtumaji huiweka kwenye foleni na kujaribu tena, na kanuni za SMTP, zile zinazoongoza seva zinapotumiana barua, zinashauri asikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Lakini ikifika kwenye seva iliyo hai ambayo haimjui mlengwa, inakataliwa papo hapo na kurudishwa kwa aliyeituma. Kwa maneno mengine, seva iliyozimika ina madhara madogo kuliko seva inayojibu “huyu simjui”.

Hesabu ya kwanza ilikuwa visanduku saba, kwa shilingi 33,000 kila kimoja kwa mwaka. Kabla ya kulipa nikagundua kwamba anwani tatu kati ya hizo, yaani mauzo, ankara na ile ya maswali ya jumla, hazina mtu wake. Zinasomwa na katibu na mhasibu. Anwani za namna hiyo zinaweza kuwa lakabu zinazoangukia kwenye kisanduku cha mtu, na lakabu hazilipiwi. Tulilipia visanduku vinne, shilingi 132,000, badala ya 231,000.

Baada ya hapo niliandika rekodi mbili za MX, mx1.mtoa.example. kwa namba 10 na mx2.mtoa.example. kwa namba 20, safari hii bila kusahau nukta. Rekodi ya zamani iliyoelekeza kwa mwenyeji wa tovuti niliiacha, yenye namba 0, nikidhani itakuwa akiba endapo huduma mpya itakwama.

Namba ndogo ndiyo inayotangulia. Kwa saa tatu nilijitumia barua za majaribio kutoka kwenye simu na hakuna hata moja iliyofika kwenye huduma mpya, wala hakuna iliyorudi na ujumbe wa kosa, kwa sababu seva ya zamani ilikuwa ikizipokea zote kwa adabu na kuziweka kwenye kisanduku ambacho hakuna anayekifungua. Niliifuta rekodi hiyo, na baada ya dakika kumi barua ya kwanza ikaingia. Hapo ndipo ile TTL ya sekunde 300 iliponisaidia.

Jioni nilimweleza mwenyekiti tulipofikia. Akafikiri kidogo, akauliza: “Kwa hiyo tumehama posta, lakini namba ya sanduku ni ileile?” Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo, na tangu siku hiyo nayatumia kwa kila anayeuliza.

Jumanne, 20 Mei 2025: Barua zilizobaki nyumba ya zamani

Mhasibu aliniita asubuhi. “Mwanangu, kuna mtu amepiga simu kutoka Arusha anasema ameandika kupitia tovuti yetu mara mbili. Mbona sisi hatuna kitu?”

Barua kutoka duniani kote zilikuwa zinafika; za fomu ya tovuti yetu wenyewe ndizo zilikuwa hazifiki. Fomu inaendeshwa na seva ya mwenyeji wa tovuti, na seva hiyo ilikuwa bado inaamini kwamba barua za kikundi.example zinapokelewa hapo hapo. Inapotuma barua kwa kikoa inachokijua kuwa chake, haina haja ya kuuliza MX kwa mtu. Huitupia ndani ya nyumba yake. Rekodi zangu zote za DNS zilikuwa sahihi na hazikuwa na uwezo wowote juu ya jambo hili.

Dawa yake iko kwenye paneli ya mwenyeji, sehemu inayouliza iwapo barua za kikoa zinapokelewa na seva hiyo au na seva ya mbali. Niliweka seva ya mbali. Kisha nilifungua kile kisanduku cha zamani nikakuta barua 11, mojawapo ikiwa ya mnunuzi anayetaka kilo 200 za pilipili manga na ambaye kwa siku mbili alikuwa akisubiri bei. Niliziwasilisha zote kwa katibu kwa mkono. Kisanduku hicho nimekiacha wazi kwa mwezi mmoja, nikikikagua kila Jumatatu.

Jumamosi, 24 Mei 2025: SPF mbili si bora kuliko moja

SPF ni rekodi ya TXT inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa. Huduma mpya ilinipa yake, nikaiongeza, na barua zetu zikaanza kuangukia kwenye barua taka kuliko awali.

Sababu ni kwamba mwenyeji wa tovuti alikwisha kuweka SPF yake siku nyingi, na kikoa kinaruhusiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, mpokeaji hazijumlishi wala hachagui iliyo nzuri. Huchukulia kwamba kuna kosa la kudumu na kuacha zote. Paneli haikunionya, kwa kuwa kwake hizo ni TXT mbili za kawaida. Niliziunganisha:

v=spf1 a include:spf.mtoa.example ~all

Herufi a inairuhusu seva ya tovuti. Alama ~ mbele ya all humwambia mpokeaji kwamba barua kutoka kwingine itiliwe shaka bila kukataliwa moja kwa moja. Ningeweka alama ya kutoa, ingekuwa amri kali zaidi, na wakati huo sikuwa na hakika kwamba orodha yangu imekamilika. Tahadhari nyingine kwa wenye huduma nyingi: mpokeaji hataulizia DNS zaidi ya mara kumi anapoisoma SPF, na kila include, yaani kila orodha ya huduma nyingine unayoiingiza, inahesabiwa pamoja na zilizomo ndani yake.

Jumapili, 25 Mei 2025: Ufunguo uliokatwa

DKIM huweka saini kwenye kila barua inayotoka, na ufunguo wa kuihakikisha hutangazwa kwenye DNS chini ya jina lenye _domainkey. Ufunguo wa biti 2048 una herufi karibu 400, ilhali kipande kimoja cha maandishi ndani ya rekodi ya TXT hakizidi herufi 255. Paneli nyingi huukata ufunguo katika vipande zenyewe. Yetu ilihifadhi herufi 255 za mwanzo na kuziacha nyingine, kimya kimya, huku ikionyesha alama ya kijani.

Nililinganisha kilichohifadhiwa na nilichobandika ndipo nikaona mwisho wake haupo. Nilichofanya ni kuugawa ufunguo katika vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu, vikifuatana kwa nafasi moja ndani ya rekodi hiyo hiyo. Mpokeaji huviunganisha bila kuongeza nafasi katikati. Usitengeneze rekodi mbili; hilo lilikuwa jaribio langu la kwanza na halikufaa kitu.

Kipimo ninachokiamini si ukurasa wa huduma unaosema kila kitu ni sawa. Nilituma barua kwenye anwani ya binamu yangu iliyoko kwenye huduma nyingine kabisa, nikamwomba afungue chanzo chake kizima na kunitumia mistari ya juu. Ilikuwa na spf=pass na dkim=pass.

Jumamosi, 31 Mei 2025: Barua za zamani

Barua za miaka sita zilikuwa gigabaiti 9 kwenye anwani ya bure. Nilitumia programu ya imapsync, inayonakili kati ya seva mbili bila kufuta chanzo na inayoweza kuendelea ilipoishia umeme ukikatika. Umeme ulikatika mara mbili.

Kosa lilikuwa la kutosoma. Kwenye huduma ile ya zamani barua moja inaweza kuwa na lebo kadhaa, na kwa programu ya nje kila lebo huonekana kama folda, juu ya folda nyingine inayobeba barua zote. Nilinakili kila kitu na gigabaiti 9 zikawa 21, barua moja ikijirudia mara mbili na mara tatu. Nilifuta, nikaanza upya nikiacha folda ile ya jumla na lebo mbili za katibu aliyepita. Bando la mara zote mbili limegharimu shilingi 40,000, na nusu yake ni ada ya haraka yangu.

Jumamosi, 7 Juni 2025: DMARC na mtumaji wa tatu

DMARC humweleza mpokeaji afanye nini na barua inayodai kutoka kwetu ikashindwa kuthibitishwa, na pia humwomba atuletee ripoti. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinaidai kwa wanaotuma barua kwa wingi, ambao kwa Google ni wa barua 5,000 au zaidi kwa siku. Sisi hatufiki hata 50, ila ripoti nilizitaka. Nimeanza kwa kutazama tu:

_dmarc TXT “v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@kikundi.example”

Jumamosi, 14 Juni 2025: Ripoti zinasema ukweli

Ripoti huja kama faili za XML zilizobanwa, zisizopendeza kusoma, lakini ndani yake kuna anwani ya IP ya kila seva iliyotuma kwa jina letu. Ya huduma mpya ilikuwepo, ya tovuti ilikuwepo, na ya tatu sikuitambua. Nilishtuka nikidhani tumeibiwa jina. Ilikuwa ni programu ya hesabu ya mhasibu, ambayo kuanzia Juni aliibadilishia anwani ili itume ankara kwa jina jipya la ushirika, na huzituma kutoka kwenye seva zake yenyewe. Ankara zetu, zilizokuwa chanzo cha mradi huu wote, ndizo pekee zilizokuwa zikishindwa.

Nilijaribu kuongeza include ya programu hiyo kwenye SPF yetu. Haikubadilisha lolote. SPF hupima anwani ya bahasha, ile ambayo seva huonyeshana, na programu ilikuwa ikitumia bahasha yenye kikoa chake. SPF ilikuwa inafaulu siku zote, ila kwa jina lao. DMARC inataka jina lililofaulu lilingane na lile analoliona msomaji. Njia iliyobaki ilikuwa ni kuipa programu saini ya DKIM ya kikoa chetu: katika mipangilio yake kulikuwa na sehemu ya kuthibitisha kikoa, ikanipa rekodi mbili za CNAME, zinazoelekeza jina moja kwenye jina jingine, nikaziweka, na siku ya tatu ripoti zikaonyesha ankara zote zimepita. Ile include niliiondoa.

Ningemuuliza mhasibu tarehe 3 Mei anatumaje ankara, badala ya kuorodhesha nilichokijua mimi, wiki hii isingekuwepo.

Jumamosi, 28 Juni 2025: Hali ilivyo

Wiki mbili zimepita bila mtumaji mgeni kwenye ripoti, kwa hiyo nimebadilisha p=none kuwa p=quarantine, yaani barua isiyothibitishwa iwekwe kwenye barua taka. Fomu ya tovuti nayo haitumii tena anwani ya mgeni kama mtumaji, jambo ambalo DMARC ya kikoa cha mgeni ingeweza kulikataa. Inatuma kwa anwani yetu, na anwani ya mgeni imewekwa kwenye sehemu ya kujibu.

Gharama yote ni shilingi 211,000: visanduku 132,000, kikoa 30,000, bando 40,000, nauli na nakala 9,000. Kwa mwaka ujao zitabaki mbili za kwanza.

Anwani ya bure bado ipo, na inaelekeza barua zake kwa katibu hadi mwisho wa Desemba, kwa kuwa imechapishwa kwenye mifuko ya iliki ambayo bado iko dukani. Nenosiri lake limebadilishwa na lina watu wawili. Mnunuzi wa Ujerumani ametumiwa ankara ya Juni kutoka kwenye anwani mpya, akajibu baada ya saa moja akiuliza tarehe ya kupakia mzigo. TTL nimeirudisha 14400.